Jina la Mzee Bwanaheri na Ukurasa Mweupe

Nyinyi vijana mnaofungua biashara siku hizi mnanichekesha, na mara nyingine mnaniudhi. Mtu hajanunua hata meza, keshachoresha nembo, keshapaka ukuta rangi, keshaalika marafiki wapige picha mlangoni. Nikimuuliza jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, hunitazama kana kwamba nimemuuliza umri wa mamake. Kisha husema, "Ah, hilo analo fundi." Analo fundi! Basi na duka ni la fundi, wewe umealikwa tu.

Nilikuwa wakili hapa Malindi mpaka nilipofunga ofisi, na miaka ya mwisho sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kugombania majina. Watu wakisikia wakili wa Malindi hudhani ni kesi za mashamba tu. Nilizifanya hizo pia, zikanizeesha. Lakini shamba lina mipaka, lina majirani, lina mnazi aliopanda babu ya mtu. Jina la tovuti, yale maneno unayoandika kwenye simu ili ukurasa wa duka ufunguke, halina mnazi. Linakodishwa mwaka kwa mwaka na kampuni iliyo mbali, na anayetangulia kuliomba ndiye anayepewa. Alama ya biashara unaisajili Nairobi kwa ofisi ya serikali, na ofisi hiyo haizungumzi na kampuni ile ya mbali. Hapo katikati ndipo anaposimama mnyakuzi. Analichukua jina lako, anakaa juu yake, ama anakuuzia, ama analitumia kuvuta watu wanaokutafuta wewe.

Kazi hii nilifundishwa na Harshadbhai, wakili mzee aliyeniajiri nilipokuwa bado natetemeka mbele ya hakimu. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la nduguye, na Kiswahili chake cha Malindi kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Aliwahi kupambana na watu waliobandika lebo za sabuni ya mteja wake juu ya sabuni yao, zamani hizo kabla ya mitandao. Mteja anakuja anachemka, anataka twende dukani tukawatukane. Harshadbhai anamwagizia chai. Akishakunywa, anamwambia, "Sasa nenda kanunue sabuni yao, upewe risiti. Matusi yatakuja baadaye, hayaozi."

Nami nilifanya hivyo hivyo kwenye tovuti. Ukiona jina lako liko kwa mtu, usimpigie simu wala usimwandikie. Piga picha ukurasa wake wote, tarehe ionekane. Maana akinusa tu kwamba kuna wakili, kesho utakuta ukurasa umejaa maua na maneno ya amani, na wewe umebaki na hadithi. Wateja wangu wengi waliniletea hadithi.

Alikuwako Kahindi wa Kakuyuni, muuza asali. Alikuja ofisini amefura, anasema mtu amemuibia "Asali ya Kakuyuni" mtandaoni. Nikachunguza nikakuta aliyelisajili jina ni mtu wa Kakuyuni vilevile, ana mizinga yake, anauza asali yake. Nikamwambia, "Kahindi, siwezi kukuzungushia ua kijiji kizima. Na yeye ni wa huko."

"Mimi ndiye nilianza!"

"Ulianza kuuza. Hukuanza Kakuyuni."

Akakuna kichwa. "Basi wakili, mimi nijiite nani?"

"Jiite Kahindi."

Alicheka mpaka akasahau hasira, na mpaka leo chupa zake zina jina lake mwenyewe. Nilikuwa nikiwaambia wateja wote hivyo: jina la mtu mwenyewe lina nguvu, ni rahisi kulitetea. Bado ni kweli. Lakini tangu yaliyomfika Mzee Bwanaheri, nikilisema neno hilo moyo hunisinyaa, kwa sababu jina la mtu likichafuliwa, linachafuliwa pamoja na mtu.

Mzee Bwanaheri alikuwa mpishi wa halwa. Si halwa hizi za siku hizi zinazotetemeka kwa wanga mwingi. Yake ilipikwa kwa sufuria kubwa ya shaba, wanaume wawili wakipokezana mwiko, samli inaingia kidogo kidogo, kisha iliki, zafarani na lozi, na ukipita mtaa wa nyuma ulijua bila kuuliza kwamba leo kuna harusi mahali. Makopo yake yaliandikwa "Halwa ya Bwanaheri". Watu wetu walioko Maskati na Doha waliagiza kwa tovuti, na kila kopo lililofika kule lilikuwa kama kipande cha nyumbani. Yeye mwenyewe hakusoma sana, lakini ile tovuti aliipenda kuliko redio. Akikaa dukani hufungua simu akaitazama tu.

Alama yake ya biashara niliisajili mimi. Nilimshauri tuiandike kwa jina la kampuni, akakataa. "Kampuni ni nani, Bi Wakili? Mimi ndiye Bwanaheri." Jina la tovuti nalo lilikuwa lake mwenyewe, na ilani za kulipia upya kila mwaka zilikuja kwenye simu yake. Alilipa kwa wakati. Mtu mwaminifu, hana deni la mtu, kila kitu kimo ndani ya simu yake na kichwa chake.

Akafa ghafla, asubuhi moja, mswaki mkononi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo jina lilipopotea, na halikupotea kwa uzembe. Mkewe, Bi Mwanaisha, aliingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane. Alikaa ndani na nguo zake nyeupe, hatoki, hazungumzi na wanaume wa nje wala mambo ya duka. Vitu vya marehemu vikakunjwa: kanzu, kofia, miwani, na simu. Simu ilizimwa, ikafungwa ndani ya kanzu, ikatiwa sandukuni pamoja na udi mpaka siku ya kugawa nguo. Hakuna aliyeifungua. Kwetu sisi kufungua simu ya maiti ni kumchungulia. Hujui ana ujumbe gani, alimkopa nani, alimpenda nani. Marehemu husitiriwa mwili, na siri zake pia husitiriwa. Nami ningekuwa wa nyumba ile nisingeifungua.

Duka halikufungwa. Kijana mkubwa wa marehemu, Twalib, aliyezaliwa na mke wa kwanza na mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Mnarani, Kilifi, alikuja kila wiki kuangalia samli na sukari. Sufuria iliendelea kuchemka. Lakini ilani za kulipia jina zilikuwa zinaingia kwenye simu iliyolala gizani na udi. Muda ukapita, kampuni ile ya mbali ikaliachia jina, na mnyakuzi akalidaka. Wanyakuzi hawa wana mitambo inayosubiri majina yanayoanguka, hasa yale yenye wageni wengi.

Bi Mwanaisha alipotoka eda, wanawake wakiwa bado wamejaa nyumbani kumpongeza, simu ya nyumbani ikalia kutoka Maskati. Ni binamu ya marehemu, anataka halwa ya harusi. Akasema kwa aibu, "Dada, mbona nikifungua kwenu naona kamari?"

Alikuja ofisini kwangu siku ya pili. Nikainuka. "Shikamoo, Bi Mwanaisha. Pole kwa msiba, pole na eda."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa." Hakukaa. Alinipa simu ya bintiye. "Nifungulie nione mwenyewe. Wao wanificha."

Nilifungua. Palikuwa na gurudumu linazunguka, pesa zinamwagika, na msichana aliyevaa kidogo anaita watu waje wabahatishe. Na juu kabisa, pale panapoandikwa anwani, jina la mzee. Alilitazama lile jina, si msichana. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Hebu nambia, wewe umesoma," akasema. "Kila mtu aingiaye hapa akacheza, yule bwana yuwaandikiwa dhambi?"

"Bi Mwanaisha, mimi ni wakili tu. Mambo hayo muulize shehe."

"Shehe nshamuuliza. Kanambia haandikiwi, hakutaka, hakujua. Nikamwambia ahsante. Lakini usiku mtu akilala, jina si lake? Watu waingia kwa jina lake. Wamuita yeye, wapata kamari. Mtu alikuwa hata karata hachezi, mwanangu."

Nilijua ninalotakiwa kufanya kisheria. Lakini aliyoyataka yeye hayakuwa kwenye sheria yoyote niliyosoma. Alitaka mumewe aachwe apumzike.

Mlango uliokuwepo ni huu. Jina lilikuwa la zile aina za dunia nzima, zinazoishia na .com, si za Kenya, basi malalamiko yanapelekwa nje, kwa maandishi, na mwamuzi mmoja anayasoma huko aliko. Hakuna kupanda kizimbani wala kulia mbele ya mtu. Unatakiwa uthibitishe kwamba jina lile ni sawa na alama yako, kwamba yule mtu hana haki nalo, na kwamba alilichukua na kulitumia kwa nia mbaya. Ukikosa moja katika hayo, umekosa yote. Hili la mwisho ndilo linalowaangusha watu wengi, kwa kuwa nia imo moyoni, na wewe una karatasi tu.

Kabla ya hapo kulikuwa na kikwazo cha nyumbani. Alama ilikuwa ya Bwanaheri, na Bwanaheri hayupo. Maiti halalamiki. Ilibidi twende kwa kadhi, mirathi ipangwe, warithi wakubaliane nani atasimama. Wakati huo wote gurudumu lilikuwa linazunguka. Bi Mwanaisha alinipigia kila Ijumaa baada ya sala kuniuliza kama bado liko, nami kila Ijumaa nilimjibu kwamba bado.

Warithi walipokutana ofisini niliwauliza swali ambalo nawasihi na nyinyi mliulize kabla ya jambo lolote: kuna yeyote hapa aliyezungumza na yule mtu? Nikawazunguka kwa macho, mmoja mmoja. Wote wakasema hapana. Twalib alisema hapana akiwa anatazama feni.

Nikaandika. Niliweka picha za ukurasa, cheti cha alama, makopo, oda za Maskati, picha ya sufuria ikiwa jikoni. Nilijivunia kazi ile, nikatamani Harshadbhai angekuwa hai aisome.

Majibu ya mnyakuzi yalikuja kwa Kiingereza cha adabu sana. Mnyakuzi naye ni kampuni ya nchi nyingine. Wao, walisema, hawajui Malindi wala halwa. Walinunua jina lililotupwa na mwenyewe. Na kwamba limetupwa, wenyewe wenye jina wamekiri. Wakaambatisha ujumbe wa Twalib.

Twalib alikuwa amewaandikia kwa siri, mapema kabisa, kabla hata mamake wa kambo hajaja kwangu. Alisema anataka kulinunua lile jina. Akaandika kwamba biashara ya halwa ilikufa na babake, duka limefungwa, jina halina maana tena kwa mtu yeyote, na yeye analitaka kwa kumbukumbu tu, kwa hivyo wasimwekee bei ya juu.

Nilimwita. Alikuja kutoka Mnarani na shati la kazi, vumbi la saruji mikononi. Nilimsogezea ile karatasi. Hakuhitaji kuisoma.

"Twalib, kwa nini?"

"Bi Wakili, nilikuwa nateremsha bei."

"Ulisema duka limefungwa!"

"Ndivyo tununuavyo! Mtu akiuza mbao, wasema mbao zina mchwa. Akiuza bati, wasema lina kutu, wageuka waenda zako, akuita. Wataka nimwambie jina la babangu ni lulu? Angeniuzia kwa bei ya lulu." Kisha akajifuta vumbi mikononi. "Nilitaka limalizike kimya kimya, mama asijue. Nimsitiri mzee. Basi."

Nilikasirika, na hasira yangu haikupata pa kukaa. Ningemwambia nini? Kila muuzaji na mnunuzi wa pwani hii huongea hivyo, na kila mmoja anajua mwenzake anasema uongo wa sokoni, na mwishowe wanapeana mikono. Yule mwamuzi wa mbali hakulijua soko letu. Yeye alisoma maneno kama yalivyo.

Nilileta ushahidi kwamba sufuria haikuzimwa hata wiki moja. Nilieleza kujadiliana bei kwetu kulivyo, nikijua ninapoandika kwamba naonekana mtu anayetafuta visingizio. Uamuzi ukaja. Alama ni yetu, jina ni lile lile, lakini nia mbaya haikuthibitika: jina lilikuwa limeachwa, mrithi mwenyewe aliliita halina maana, na waliotaja kuuziana kwanza ni sisi. Malalamiko yakakataliwa. Kwenda mahakama za nje kungewamaliza wote, na hata kule ujumbe wa Twalib ungetutangulia mlangoni.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Bi Mwanaisha. Jambo kama lile halisemwi kwa simu. Nilimweleza yote isipokuwa la Twalib, lakini Twalib alikuwa amekaa pale pale, akalisema mwenyewe, kichwa chini. Bi Mwanaisha hakumfokea. Alimwekea mkono begani, akasema, "Ulitaka kumsitiri babako. Mimi nami simu niliifunga kwa mikono yangu." Nilitoka nje kwa kisingizio cha kutafuta viatu vyangu.

Mwezi ule ule akafanya jambo ambalo sikumshauri na sikuweza kumzuia. Aliamuru makopo yachapishwe bila jina. "Watu wakisoma Bwanaheri watamtafuta," alisema, "na wakimtafuta watampata kule." Makopo matupu, ya rangi ya fedha, halwa ile ile. Wateja wa Maskati wakafikiri wanauziwa bandia. Mmoja mmoja wakaacha. Wapika halwa wakaenda kutafuta kazi kwenye mahoteli ya Bofa, na sufuria ya shaba ikageuzwa kifudifudi uani. Mke alilifuta jina la mumewe mwenyewe ili lipate amani. Nimeona familia zikigombana kwa majina miaka yote ya kazi yangu, na sijaona jambo lililonihuzunisha kama hilo.

Lakini jina la tovuti hukodishwa, halinunuliwi, na hili ndilo nililoshikilia. Mnyakuzi naye hulipa kila mwaka. Akichoka, ataliachia. Nikawa nalichungulia kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Nilimtafuta fundi mwaminifu, nikalisajili ombi letu la kulidaka likianguka, kwa anwani ya ofisi, si ya mtu. Miaka ikaenda. Watu wa kamari wana tabia ya kuhama, wanayakausha majina na kuyaacha. Nilipokuwa napakia mafaili kwenye maboksi nifunge ofisi, habari ikaja: limeanguka, tumelipata.

Nilikwenda mji wa kale kwa miguu. Bi Mwanaisha alikuwa amelala kitandani, macho hayaoni vizuri tena. Nilimkaribia sikioni.

"Bi Mwanaisha, limerudi."

Aligeuza uso. "Lile gurudumu?"

"Halipo."

"Yule msichana?"

"Hayupo."

"Kuna nini sasa?"

"Hakuna kitu. Ni peupe. Niambie tuandike nini. Tuweke picha ya mzee? Tuweke dua?"

Alitikisa kichwa juu ya mto. "Usiandike neno. Wamemsema sana. Paache peupe hivyo hivyo, mtu akifungua asimkute na lolote." Akanishika mkono. "Lakini usiwape tena."

Nikamwahidi. Alifariki kabla ya Ramadhani. Twalib bado yuko Mnarani, tukikutana ananiamkia na kupita. Jambo lile hataki kulisikia, nami simlazimishi.

Basi nimestaafu, lakini mteja mmoja bado ninaye, na hajui kwamba ananiajiri. Kila mwaka ilani inakuja, kila mwaka nalilipia jina la Mzee Bwanaheri ili ukurasa wake ubaki mtupu. Ukiufungua utadhani simu yako imeharibika. Haijaharibika. Nisipolipa mara moja tu, kuna mtambo mahali unasubiri.

Ofisi haipo tena, kwa hivyo ilani sasa zinakuja kwenye simu yangu. Mimi nami ni mzee, na nyumba yangu ni nyumba ya watu wenye adabu kama ile ya Bi Mwanaisha. Watanikunjia nguo, watanifukizia udi, na hakuna atakayethubutu kuniaibisha. Nimemwita binti yangu nikamkalisha. Nimeondoa namba ya siri. Nimemwambia, "Siku hiyo kabla hujazikunja nguo zangu, fungua simu. Nichungulie." Alilia, akasema hawezi kunifanyia hivyo, na mpaka leo hajaniahidi.